UZI: Bastola za kijeshi za zamani, namna ya kuzitazama (na kwa nini mimi sina hata moja nyumbani)

#1 KutuHaifutwi

Wadau, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa Kariokor upande wa nyama choma, kijana mmoja akanivuta kando akanionyesha picha kwenye simu. "Mzee, hii ni bastola ya Mjerumani ya vita vya kwanza. Kuna jamaa yangu anaiuza." Nikavaa miwani. Ubavuni imeandikwa WEBLEY, jina la kiwanda cha Kiingereza, herufi zinasomeka kama bango la matatu. Mjerumani gani wa Birmingham? Isitoshe, mwenye nayo ameipiga msasa mpaka inameta kama sufuria ya harusi, na kijana alinisifia kazi hiyo kama vile ni faida.

Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, afute hiyo picha na asinitumie. Pili, hata kama bastola ingekuwa halali kuuzwa, aliyeipiga msasa ameshaiua.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya hilo la pili, ila nianze na la kwanza tumalizane nalo. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, bastola ni bastola. Huna cheti, huna ruhusa ya kuwa nayo, iwe mpya au ya babu. Mimi ninachokusanya ni vitu vilivyoizunguka: mifuko ya ngozi ya bastola, mikanda, beji, medali, kamba za shingoni, karatasi. Bastola zenyewe nimezishika kwenye makumbusho na kwa watu wenye vyeti vyao. Miaka ishirini ya kushika za watu na kurudisha.

Sasa, mtu akikuletea bastola ya kijeshi ya zamani, usitazame kama inang'aa. Tazama kama imeachwa ilivyo. Chuma kilichotoka kiwandani na rangi yake ya bluu-nyeusi huchakaa kwa mpangilio. Mdomo wa mtutu hutangulia kuwa mweupe kwa kuingizwa na kutolewa kwenye mfuko, kisha kingo za silinda (ile ngoma inayobeba risasi), kisha pale kiganja kinaposhika. Ukikuta kitako kimelika kabisa lakini mtutu ni mweusi tii, kuna kitu kimebadilishwa. Ukikuta yote ni nyeusi sawasawa lakini herufi zimezama na kingo zimekuwa duara kama sabuni iliyotumika, hiyo ilipigwa msasa kwanza ikapakwa rangi baadaye.

Leteni maswali. Picha za bastola zenyewe msilete.


#2 DadaWaRuiru

Sufuria ya harusi 😂😂 Mzee umenivunja mbavu.


#3 FundiMsasa

Mimi ni fundi wa jua kali na nimekwazika kidogo. Mteja akileta chuma chenye kutu anataka kitoke kisafi. Sasa kosa la fundi liko wapi?


#4 KutuHaifutwi

Fundi, huna kosa kwa jembe na geti. Lakini kwenye kitu cha zamani, kutu na rangi ya uzee ndivyo vinavyoeleza kilipitia wapi. Alama ya ukaguzi iliyogongwa 1916 ina kina kidogo mno, pengine unene wa karatasi. Msasa mmoja tu, imeondoka. Na alama hizo ndizo zinazotenganisha bastola ya jeshi na bastola ya dukani. Kutu jekundu linalokula chuma huzuiwa kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, basi. Lile la kahawia lililotulia liache lilale.


#5 MjukuuWaAskari

Shikamoo Mzee. Mimi ni wa Pumwani, Majengo. Nyanya yetu amehama juzi na chini ya kitanda tumekuta sanduku la bati la baba yake babu. Ndani kuna medali moja, mkanda, mfuko wa ngozi, na rivolva iliyofungwa kitambaa. Nyumbani wanasema alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) na alipewa hiyo bastola na Mwingereza kwa ushujaa wake kule Tanganyika. Nitajuaje kama ni kweli, na ina thamani gani?


#6 WakiliMtaani

Ndugu, kabla Mzee hajajibu: usiibebe popote. Usiitie kwenye begi ukapanda nayo gari kwenda kuionyesha mtu. Iache hapo ilipo, mtu mzima wa nyumba aende kituo cha polisi kilicho karibu amweleze OCS, mkuu wa kituo, waje wenyewe kuichukua. Hakikisheni inaandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, na mnapewa nambari. Mkisema wenyewe mmeikuta kwenye vitu vya marehemu, hiyo ni habari tofauti kabisa na kukutwa nayo.


#7 KoplaMstaafu

Naunga mkono wakili. Nilikuwa fundi wa silaha kazini mpaka nilipostaafu. Nyongeza yangu: msiifungue, msiivute nyundo, mtoto asiiguse. Silaha ya zamani ihesabuni ina risasi mpaka mtu anayejua athibitishe haina. Nimeshaona moja iliyoning'inia ukutani miaka mingi kama pambo, na ndani imo.


#8 KutuHaifutwi

Marahaba mjukuu wangu. Fanya walivyosema wakubwa hao kwanza. Nitakujibu kuhusu hadithi, kwa sababu hadithi ndiyo inayouza bastola kuliko chuma chenyewe, na ndiyo inayodanganya zaidi.

KAR iliundwa 1902. Askari wake wa kawaida alibeba bunduki, hakubeba bastola. Pita Kenyatta Avenue utazame ile sanamu ya wapiganaji iliyozinduliwa 1928, yule askari wa KAR ameshika bunduki. Bastola ilikuwa ya ofisa, na ofisa wa Kiingereza mara nyingi alijinunulia mwenyewe dukani, sharti tu ikubali risasi za jeshi. Ndiyo maana Webley ya ofisa inaweza kukosa ule mshale mpana wa mali ya serikali na bado ikawa imepigana vita vyote. Kukosa mshale hakuthibitishi kwamba ni ya dukani tu, na kuwa nao hakuthibitishi kwamba alipewa babu.

Kwa hiyo "alipewa kwa ushujaa" mimi naiweka rafuni mpaka karatasi ipatikane. Jeshi lilitoa medali kwa ushujaa. Bastola ya jeshi ilisainiwa na ikarudishwa stoo. Inawezekana ofisa alimwachia? Inawezekana. Iliokotwa? Inawezekana zaidi.


#9 KoplaMstaafu

Mzee, hapo nikusahihishe kwa heshima. Si maofisa peke yao. Wapigaji wa bombomu (bunduki ya mashine) kwenye jeshi la Uingereza nao walipewa Webley, maana mtu hawezi kubeba mtambo ule na bunduki ndefu juu yake. Sasa kama baba yake babu wa kijana alikuwa kwenye kikosi cha bombomu, mambo yanabadilika.


#10 KutuHaifutwi

Kopla, nimekubali, na ni hoja nzito. Mjukuu, mlimjua marehemu kama mtu wa bombomu?


#11 MjukuuWaAskari

Nyanya anasema alikuwa na sikio moja halisikii. Zaidi ya hapo hajui. Bastola imeandikwa MARK VI na 1916. Mjomba ameenda kituoni leo.


#12 KutuHaifutwi

Sikio moja! Mtu akae kando ya bombomu miaka miwili lazima limwache. Si ushahidi, lakini nimetabasamu.

Mark VI nawaeleza kwa kirefu maana ndiyo mtakayoisikia zaidi katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Webley walianza kuliuzia jeshi Mark I mwaka 1887. Mark VI ilikubaliwa 1915, katikati ya vita. Mtutu wake ni inchi 6, ilhali Mark V ya 1913 ilitoka na inchi 4. Kitako cha Mark VI ni cha mraba chini, zile za mbele zina kitako kilichopinda kama mdomo wa kasuku. Risasi ni .455, nene na za polepole. Inavunjika katikati kama bunduki ya kuwindia kware, mtutu unainama na maganda sita yanasukumwa nje kwa pamoja.

Mambo ninayoyatazama kwenye Mark VI: mwaka ubavuni, nambari ya fremu kama inalingana na ya silinda na ya mtutu, mishale ya serikali, na kama kuna mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha. Hiyo ya mwisho maana yake jeshi liliiuza, imetoka kwenye hesabu kihalali. Halafu tazama nyuma ya silinda. Baada ya Vita vya Pili nyingi ziliuzwa Marekani na zikanyolewa silinda ili zikubali risasi zao za .45. Mkusanyaji akiona imenyolewa anashusha bei papo hapo, na mwenye busara haipigi kabisa, kwa sababu risasi za kiwandani za Marekani zina nguvu kuliko mwili wa Webley.

Wala msichanganye na ile ndogo ya .38 iliyokuja baadaye. Enfield No. 2 iliingia jeshini 1932, inafanana na Webley mpaka Webley wenyewe walikwenda kulalamika. Aina yake ya 1938 haina kidole cha nyundo, imekatwa ili isinase kwenye vyuma vya ndani ya kifaru. Watu wakiiona wanadhani imevunjika.


#13 MzeeKibokoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu kila mwenye chuma cha zamani anasema kilitoka kwenye Königsberg, ile manowari ya Kijerumani ya vita vya kwanza. Juzi nimeonyeshwa bastola ya gumegume, ya kupiga jiwe, naambiwa ni ya Königsberg! Manowari ya karne ya ishirini inabeba gumegume?


#14 KutuHaifutwi

Mzee wa Kibokoni, kama hadithi zote hizo zingekuwa kweli meli ile ingezama kwa uzito wa bastola kabla hata haijaingia Rufiji. Ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915, mizinga yake ikatolewa ikaendelea na vita nchi kavu. Mmoja mnao hapo Fort Jesus, huo ni wa kweli, nendeni mkaupapase.

Gumegume za watalii zinajulikana. Kwenye bamba la mtambo huandikwa TOWER, na taji, na GR chini yake, maana hizo ndizo alama zilizokuwa kwenye silaha za serikali ya Uingereza. Za kweli herufi zilichongwa au kugongwa, makali yake yanaonekana. Za uongo zimeyeyushwa pamoja na bamba, zinaonekana kama zimeandikwa kwenye ugali. Halafu tafuta tundu dogo la kupitishia moto kutoka kwenye kisahani cha baruti kwenda kwenye mtutu. Aliyetengeneza pambo mara nyingi hakujisumbua kulitoboa. Parafujo nazo zitazame: za kale kila moja ina sura yake, hizi za leo zimetoka boksi moja.

Zipo pia za kweli zilizobadilishwa zamani, kutoka gumegume kwenda za fataki, yaani kofia ndogo ya baruti inayogongwa na nyundo. Hizo si feki. Fundi wa wakati huo alikuwa anaiongezea maisha.


#15 DadaWaRuiru

Na Luger, ile bastola ya Kijerumani? Kwenye sinema kila mtu anaitaka hiyo.


#16 KutuHaifutwi

Sinema ndiyo iliyoharibu bei. Lakini ni mashine nzuri, siwezi kudanganya. Mtambo wake wa juu unakunjika kama goti, Wajerumani wenyewe wanauita hivyo. Jeshi la majini la Ujerumani liliichukua 1904 na jeshi la nchi kavu 1908, ndiyo maana inaitwa P08. Mtutu wa kawaida ni milimita 100, wa majini 150, wa wapiga mizinga 200.

Kwa Luger kazi yote ni nambari. Mjerumani aligonga nambari kamili kwenye fremu na mtutu, kisha tarakimu mbili za mwisho kwenye kila kipande kidogo. Zote zikilingana, hiyo imebaki na familia yake. Moja ikikataa, imeshaolewa na vipande vya wengine. Na nambari peke yake haitoshi, maana walianza upya kila mwaka na kuongeza herufi chini yake. Lazima usome nambari, herufi, na mwaka ulioko juu ya chemba, vyote vitatu.

Nyingine inayotengenezewa uongo sana ni Mauser C96, ile yenye mpini kama wa fagio. Ya kawaida ni milimita 7.63. Mwaka 1916 jeshi la Prussia liliagiza 150,000 za milimita 9, na ili askari asiingize risasi isiyo yake wakachonga tarakimu 9 kubwa kwenye mbao za mpini na kuipaka rangi nyekundu. Sasa kwa kuwa 9 nyekundu ina bei, kuna watu wanachonga 9 kwenye yoyote ile. Tazama kipimo cha shabaha cha nyuma. Zile za agizo la 1916 kinaishia mita 500. Kikisoma 1000 na mpini una 9 nyekundu, muulize muuzaji kama rangi imekauka.


#17 WakiliMtaani

Niongeze la sheria maana inbox imejaa. Neno "ya kale" halina maana moja duniani. Marekani silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ndiyo inayohesabiwa ya kale kwa sheria yao kuu ya 1968. Uingereza kanuni za 2021 ziliweka Septemba 1939 kama mpaka, na bado risasi yake lazima iwe kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati. Luger ya milimita 9 haiponi hapo hata iwe ya 1910, kwa kuwa risasi zake zinauzwa leo.

Hapa kwetu, Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inataja kitu cha kale kuwa ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na hukitoi nchini bila kibali. Kwa hiyo gumegume ya kweli ya Lamu inaweza kukutia kwenye sheria mbili kwa mpigo. Msije mkanunua mtandaoni kutoka Marekani kwa sababu muuzaji amesema haihitaji leseni. Haihitaji kwake.


#18 DadaWaRuiru

Asante wakili. Mzee, swali langu la kweli ni hili. Babu upande wa mama alikuwa msituni wakati wa Mau Mau. Alikuwa anatusimulia bunduki walizotengeneza wenyewe, bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tyubu. Je, wakusanyaji wanazihesabu hizo au wanaziona takataka?


#19 KutuHaifutwi

Dada, umenigusa. Mimi nikiambiwa nichague kati ya Luger yenye nambari zote na kile chuma cha babu yako, sifikirii mara mbili. Luger zilitengenezwa zaidi ya milioni. Zile za bomba na komeo, kila moja ni mkono wa mtu mmoja, na nyingi zilifinyangwa hapa hapa Nairobi kwenye karakana za mitaani. Ziko kwenye makumbusho mpaka London.

Kuzikagua ni kazi nyingine. Hakuna kiwanda, hakuna nambari, hakuna alama. Unatazama bomba ni la wakati gani, mbao ni za mti upi, waya umefungwaje. Na hapo hadithi ya familia inageuka kuwa ushahidi mkubwa kuliko chuma. Mwandikie babu yako, au mrekodi mtu aliyemsikia, jina la mahali na mwaka.

Ukumbuke pia uzito wa kitu hiki kwa watu wale. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, kupatikana na silaha kulifika kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, na mashtaka aliyonyongewa Kamiti Februari 1957 yalikuwa ya kumiliki rivolva ya .38 na risasi zake. Ndiyo maana nikimwona mzee wa Nyeri anatetemeka akiambiwa habari za bastola ya kale simcheki.


#20 DadaWaRuiru

Alishafariki 2009. Lakini mama anajua mahali. Nitamrekodi wikendi.


#21 FundiMsasa

Mzee, nimesoma yote. Naomba kujua hiyo mifuko ya ngozi unaipata wapi. Hiyo haina shida na polisi?


#22 KutuHaifutwi

Mfuko mtupu ni ngozi tu. Wa kwanza niliupata Gikomba ndani ya rundo la mikoba ya mitumba, muuzaji aliniambia ni wa kubebea chupa. Nililipa mia tatu. Nyuma ulikuwa na muhuri wa mtengenezaji na 1915, umefifia. Ngozi ya kweli ya wakati huo imeshonwa uzi mnene uliotiwa nta, na ndani kuna umbo la bastola lililojikanda kwa miaka. Ingiza mkono utahisi uvimbe wa silinda. Za kuigiza ni tambarare ndani.

Nisije nikajifanya sijawahi kuliwa. Niliwahi kununua medali yenye jina la askari wa KAR kwa pesa za karo, mke wangu hajasahau. Nyumbani nikaipima, ukingo mwembamba kuliko wenzake. Mtu alipiga tupa jina la kwanza akagonga jina jingine. Sasa sitoki nyumbani bila kipimo cha unene.


#23 MjukuuWaAskari

Wazee, taarifa. Polisi walikuja wawili, wameichukua, nambari ya OB tunayo. Kopla wewe ulisema kweli, walikuta risasi moja ndani. Nyanya alikaa chini kabisa.

Mkanda, mfuko na medali wametuachia. Medali ni ya fedha, ina kichwa cha mfalme upande mmoja na mtu juu ya farasi upande wa pili, 1914 na 1918. Mzee unasema nitazame ukingo?


#24 KoplaMstaafu

Mshukuru Mungu, kijana. Miaka yote hiyo chini ya kitanda.


#25 KutuHaifutwi

Alhamdulillahi. Ndiyo, tazama ukingo. Medali hiyo ya vita vya kwanza iligongwa nambari ya askari, jina na kikosi ukingoni. Za Vita vya Pili za askari wa KAR zilitoka tupu, kwa hiyo una bahati. Ukipata nambari na batalioni ndipo tunapoanza kutafuta kama alikuwa wa bombomu. Usishangae jina likiandikwa ovyo, karani aliandika alivyosikia.

Isimamishe ukingo juu, taa iwe ubavuni, si juu. Piga picha, geuza kidogo, piga tena. Usiipake chochote, usiisugue.


#26 MjukuuWaAskari

Mzee… mathe aliisugua na majivu jana jioni. Anasema wageni wanakuja.


#27 FundiMsasa

😂😂😂 na mimi ndiye nilikuwa mbaya


#28 KutuHaifutwi

Yaa Rabi. Herufi zimegongwa, hazikuchorwa, zinaweza kuwa zimevumilia. Mwambie mama aishie hapo, na aiweke mbali na ndimu. Halafu niletee hiyo picha ya ukingo usiku huu huu, kabla ya wageni.